SOMO: NAMNA YA KUUNGANISHA ORDINATERI YA ZAMANI NA MASHINI YA UNIX



Katika somo hili tunataka kujifunza namna mashini mbili ambazo hazikuzaliwa wakati mmoja zinaweza kusemezana kwa njia ya waya. Wengine watauliza: ni faida gani kushughulika na ordinateri ya zamani, na leo hata simu ya mfukoni inaipita kwa nguvu mbali sana?

Sikieni. Tuseme kuko biro ya shule moja, na ndani ya biro ile kuko ordinateri IBM PC XT, aina ile iliyotoka mwaka 1983. Miaka mingi sekretere aliandika humo majina ya wanafunzi na pointi zao, akaziweka kwenye disiketi pana na laini, zile zinazoshika kilookteti 360 tu. Leo mtu aliyemaliza masomo zamani anakuja kuomba karatasi ya pointi zake. Ordinateri mpya ya biro haina mlango wa disiketi ile. Na disiketi yenyewe inazeeka: sumaku yake inapunguka, kuvu inaipanda. Siku moja haitasomeka tena, na mtu yule atarudi nyumbani mikono mitupu. Lakini nyuma ya XT kuko tundu moja linaloitwa porti ya seri. Kwa tundu lile fishie zinaweza kutoka. Kazi yetu ni hii.

Neno kubwa la somo mlishike tangu mwanzo: waya haijui kitu. Inabeba alama tu. Mengine yote ni mapatano kati ya wale wawili wanaosemezana.

I. JUU YA NINI UNIX INAFAA KAZI HII?

Unix ni programu kubwa inayoongoza ordinateri. Ilianzishwa mwaka 1969 katika Marekani, kwenye Bell Labs, na Ken Thompson na Dennis Ritchie pamoja na wenzao. Wakati ule watu wengi walisemezana na ordinateri kwa njia ya teletipe, ni kusema mashini ya kuandika iliyounganishwa kwa waya. Ukigonga herufi, inakwenda kwa ordinateri. Ordinateri ikijibu, teletipe inapiga jibu juu ya karatasi. Ndiyo sababu mpaka leo milango ya waya ndani ya Unix inaitwa tty, jina lililofupishwa la teletipe. Linux, ambayo ilianza mwaka 1991 na ikafuata desturi za Unix, inaita vile vile. Katika somo hili tutatumia Linux.

Mnaona faida? Unix haiulizi kama yule wa upande mwingine ni teletipe ya 1969, ao XT ya 1983, ao ordinateri ya mwaka huu. Inaona okteti zinaingia na okteti zinatoka, basi. Mzee na kijana wanaweza kukutana pale.

II. KABLE

Sheria ya waya hizi inaitwa RS-232. Ilitolewa katika Marekani mwaka 1960. Inasema hivi: umeme wa volti +3 mpaka +15 ni alama ya sifuri, umeme wa volti -3 mpaka -15 ni alama ya moja. Katikati, kati ya -3 na +3, hakuna maana.

Kwenye foni ya misioni mmoja anasema, mwingine anangoja mpaka asikie "kwako". Hapa si vile. Kuko uzi mmoja wa kutuma na uzi mwingine wa kupokea, na wote wawili wanaweza kusema pamoja. Lakini angalia: mdomo wa huyu lazima ufike kwenye sikio la yule. Ukiunganisha mdomo na mdomo, hakuna atakayesikia. Kwa hiyo nyuzi zinapishana.

Porti ya seri ya XT ina misumari 25 inayoonekana. Lile tundu lingine lenye mashimo 25 ni la mashini ya kupiga karatasi, usiliguse. Kwa upande wa Linux, ordinateri nyingi za leo hazina porti ya seri; tunatumia kifaa kidogo cha USB chenye misumari 9. Nyuzi zinafungwa hivi:

XT 2 (kutuma) kwenda Linux 2 (kupokea)
XT 3 (kupokea) kwenda Linux 3 (kutuma)
XT 7 (msingi) kwenda Linux 5 (msingi)
XT 4 (naomba kutuma) kwenda Linux 8 (tuma)
XT 5 (tuma) kwenda Linux 7 (naomba kutuma)
XT 20 (niko tayari) kwenda Linux 6 na 1
XT 6 na 8 kwenda Linux 4 (niko tayari)

Mwanafunzi mwangalifu atauliza: "Mmesema nyuzi zinapishana, na hapa 2 inakwenda kwa 2, 3 kwa 3. Namna gani?" Ulizo zuri. Kwenye tundu la misumari 25, namba 2 ni ya kutuma. Kwenye tundu la misumari 9, namba 2 ni ya kupokea. Waliotengeneza walibadilisha namba. Basi hapa uzi ulionyooka ndio unaopishana. Watu wengi wamepoteza siku nzima juu ya neno hili.

Kama huna hakika msumari gani unatuma, twaa voltmetere. Washa mashini, gusa msingi kwa uzi mweusi na msumari kwa uzi mwekundu. Mashini ikinyamaza, msumari wake wa kutuma unakaa na volti chini ya sifuri, -5 mpaka -12 hivi. Ule wa kupokea, kama haukuunganishwa na kitu, unaonyesha karibu sifuri. Ni vile tu.

Onyo mbili. Ya kwanza: zima mashini zote mbili mbele ya kufunga kable. Ya pili: kuko ordinateri ndogo za leo ambazo misumari yao inavumilia volti 3,3 tu. Ukiwapelekea volti 12 za XT, zitaungua palepale. Kwa zile lazima kifaa cha kugeuza umeme kiwe katikati.

III. MAPATANO YA MWENDO

Hakuna saa inayopita ndani ya waya hii. Kila upande una saa yake, na lazima wapatane mbele: biti ngapi kwa segonde moja? Kila okteti ina biti 8. Inatanguliwa na biti moja ya kusema "ninaanza" na inafuatwa na biti moja ya kusema "nimemaliza". Jumla biti 10. Basi, kwa mwendo wa biti 9600 kwa segonde, okteti 960 zinapita kila segonde.

Tufanye hesabu. Disiketi ya kilookteti 360 ina okteti 368640.

Kwa mwendo wa 300: segonde 12288, ni kusema saa 3, dakika 24 na segonde 48.
Kwa mwendo wa 9600: segonde 384, ni kusema dakika 6 na segonde 24.
Kwa mwendo wa 115200: segonde 32.

Mtasema: basi tuchague 115200! Hapana, ngojeni. Ndani ya XT kazi ya kupokea biti inafanywa na chombo kidogo kinachoitwa 8250. Chombo hiki kina nafasi ya kuweka okteti moja tu iliyofika. Okteti ya pili ikifika na ile ya kwanza bado haijachukuliwa, ya kwanza inapotea. Kwa mwendo wa 115200 okteti inafika kila sehemu 87 za milioni ya segonde. Saa ya XT inapiga mara milioni 4,77 kwa segonde. Ndani ya nafasi ile inapiga mara 414 hivi. Ni kidogo sana, kwa kuwa kila agizo la mashini linakula mapigo mengi. Nyuma chombo 16550A kilileta nafasi ya okteti 16, na shida ilipunguka. Kwa XT yetu tutachagua 9600. Anayekwenda polepole na kufika na mzigo wote ni bora kupita yule anayekimbia na kuumwaga njiani.

Kwa upande wa Linux tunaandika:

stty -F /dev/ttyUSB0 9600 cs8 -parenb -cstopb

Maana yake: mwendo 9600, biti 8, hakuna biti ya parite, biti moja ya kumaliza. Kwa upande wa XT:

MODE COM1:9600,N,8,1

Ni maneno yaleyale kwa luga mbili.

IV. HATUA YA KWANZA: XT INAKUWA TELETIPE

Tia ndani ya XT programu inayoitwa Kermit, iliyoletwa kwa disiketi. Programu hii ilianza mwaka 1981 kwenye Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Ilitengenezwa juu ya shida ya wanafunzi: kwenye ordinateri kubwa ya chuo nafasi yao ilikuwa ndogo, na walihitaji njia ya kuchukua fishie zao na kuziweka kwenye disiketi. Basi ni programu iliyozaliwa shuleni.

Kwenye Linux, yule mwenye mamlaka ya mashini anaandika:

/sbin/agetty -L ttyUSB0 9600 vt100

Agizo hili ni sawa na mlinzi wa mlango. Linakaa kwenye waya na kuuliza kila anayefika: "Jina lako nani?" Kwenye XT, ndani ya Kermit, andika:

set port 1
set speed 9600
connect

Gonga Enter. Kama yote iko sawa, kwenye ekrani ya XT neno "login:" litatokea. Hapa XT haifikiri kitu. Ni klavie na ekrani tu. Anayefikiri ni Linux. Msidharau hatua hii: ikifanikiwa, mmejua kwamba kable ni nzuri na mapatano ya mwendo ni sawa. Sasa ngazi ya chini imesimama, tunaweza kupanda.

V. HATUA YA PILI: KUTOA FISHIE

Baada ya kuingia kwa jina lako, andika kwa Linux:

kermit -i -r

Maana yake: "Pokea, na usigeuze okteti hata moja." Kiisha rudi kwa Kermit ya XT: shika Ctrl pamoja na ], halafu gonga C. Andika:

set file type binary
send POINTI.DAT

Kermit inakata fishie vipande vipande. Kila kipande kinabeba namba yake na hesabu ya kupima. Anayepokea anafanya hesabu tena. Ikiwa haipatani, anaomba kipande kile kitumwe upya. Ndiyo sababu tunaitumia, hatutupi fishie ndani ya waya bure bila kupima.

Kuko hatari moja inayogusa sisi tunaoandika Kifaransa. Kuko mapatano ya zamani ya kutuma biti 7 tu kwa herufi. Kwa Kiingereza yanatosha. Lakini ndani ya XT herufi é ni namba 130, è ni namba 138, ç ni namba 135. Namba hizi zinahitaji biti ya nane. Ukikata biti ya nane, unatoa 128. Tazama matokeo:

é: 130 kutoa 128 inabaki 2, alama isiyoonekana.
è: 138 kutoa 128 inabaki 10, alama ya kuruka mstari.
ç: 135 kutoa 128 inabaki 7, alama ya kupiga kengele.

Basi Hélène anapoteza herufi moja na jina lake linavunjika katikati, kipande kimoja mstari wa juu, kipande kingine mstari wa chini. François anapiga kengele. Mtu anaweza kucheka, lakini kama mstari umevunjika, pointi zinaweza kusomwa mbele ya jina la mwingine. Ndiyo maana tulisema 8 tangu mwanzo.

Hata na biti 8, kazi haijaisha. Linux ya leo inaandika é kwa okteti mbili, 195 na 169. Tena, mstari wa XT unamalizika na okteti mbili, 13 na 10. Ule wa Unix unamalizika na 10 peke yake. Kama fishie ni ya maandishi, geuza hivi:

iconv -f CP437 -t UTF-8 pointi.dat | tr -d '\r' > pointi-mpya.txt

Lakini ile ya kwanza usiifute kamwe. Ni shahidi wako.

Na namna ya kujua kwamba shahidi hakudanganya? Mrudishe. Kwa Linux andika kermit -i -s pointi.dat, kwa XT andika receive RUDI.DAT. Kiisha, kwenye DOS:

COMP POINTI.DAT RUDI.DAT

Agizo hili linalinganisha okteti kwa okteti. Kama zote zinapatana, fishie imekwenda na kurudi salama.

VI. HATUA YA TATU: REZO

Mpaka hapa kazi moja inapita ndani ya waya kwa wakati mmoja. Na tukitaka kazi mbili tatu zipite pamoja, kila moja na barua zake? Hapo tunahitaji pakiti zenye adresi, kama barua ndani ya bahasha. Namna moja nyepesi inaitwa SLIP. Rick Adams aliitengeneza mwaka 1984 kwa Unix ya Berkeley na mashini za Sun, na maelezo yake yaliandikwa mwaka 1988 katika andiko namba 1055 la mapatano ya rezo.

Sheria yote ni hii: pakiti ikiisha, tuma okteti 192. Kama ndani ya pakiti yenyewe kuko 192, usiitume. Weka mahali pake 219 na 220. Kama ndani kuko 219, weka 219 na 221. Basi, imekwisha. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuishika kwa kichwa.

Mbele ya kuanza, simamisha yule mlinzi agetty. Wawili hawawezi kukaa kwenye waya moja. Kama Linux yenu imewekwa programu ya SLIP, andika:

slattach -p slip -s 9600 /dev/ttyUSB0 &
ifconfig sl0 192.168.7.1 pointopoint 192.168.7.2 mtu 576 up

Usisahau maneno -p slip. Ukiyaacha, slattach inachagua namna nyingine, ile yenye kufupisha vichwa vya pakiti, na kama XT haijui namna ile hawatasikilizana. Tena ni mapatano.

Kwenye XT tunatia dreva ETHERSL, na juu yake programu za mTCP, zinazoweza kutumika hata kwenye mashini ndogo namna hii. Tunazipa adresi 192.168.7.2. Kiisha kutoka Linux tunaita: ping 192.168.7.2. Pakiti ya ping ina okteti 84. Kwenda na kurudi ni 168, na tukiongeza 192 za mwisho, kwa okteti 960 kwa segonde inakuwa karibu segonde 0,18. Ukiona jibu la karibu vile, furahi: mwendo mdogo huu si ugonjwa, ni hesabu.

Lakini SLIP haina hesabu ya kupima. Okteti ikiharibika njiani, yenyewe haijui. Wanaopima ni wale wa juu, kama TCP. Andiko 1055 lenyewe linaonya kwamba kuko programu, kama NFS, zilizokuwa na desturi ya kuacha kupima na kutumainia waya. Kwa waya hii msifanye vile. Nyuma yake PPP, ambayo sheria yake ya mwaka 1994 inatumika hata leo, ilileta kupima kwenye waya yenyewe na namna ya kupatana adresi.

Tena, programu hizi za zamani zinapeleka neno la siri wazi bila kulificha. Rezo hii ibaki ndani ya chumba, usiifungulie intaneti.

VII. KAMA HAIENDI

Wengi wanaanza kutafuta kosa juu, kwenye adresi na programu. Anzeni chini, pandeni ngazi moja moja.

1. Hakuna kitu kabisa: pima kable, angalia kutuma na kupokea.
2. Herufi za ovyo zinatokea: mwendo ao biti hazipatani.
3. XT inapokea lakini COPY ya DOS inakataa kutuma: angalia nyuzi 5 na 6, kwa kuwa XT inangoja ruhusa.
4. Login inafanya, lakini fishie inakatika: punguza mwendo.
5. Kermit inafanya, lakini ping haijibu: kosa liko kwa SLIP ao kwa adresi, si kwa kable. Usiifungue kable.

Anayeshika utaratibu huu hatatupa kable nzuri juu ya adresi mbaya. Na pointi za yule aliyekuja bironi zitatoka mbele ya kuvu kuzimaliza.

MAULIZO

1. Juu ya nini msumari 2 wa XT unakwenda kwa msumari 2 wa upande wa Linux?
2. Fishie ina okteti 48000. Itapita kwa segonde ngapi kwa mwendo wa 9600? Na kwa mwendo wa 1200?
3. Herufi à ni namba 133 ndani ya XT. Inakuwa namba gani ikipoteza biti ya nane?
4. Andika namna SLIP itakavyotuma pakiti hii: 10, 192, 33, 219.
5. Mwenzako anasema: "Ping inajibu, basi fishie zote zimefika salama." Utamjibu nini?